Somo: Kumvua sangara wa Ulaya wakati wa baridi, maji yakiwa hayajaganda

Salaam wanandugu. Kila mwaka ikifika Desemba, wengi wetu tulioko Uholanzi tunafungia fimbo kabatini mpaka jua lirudi. Mnajinyima. Miezi hii ndiyo sangara wa hapa, Waholanzi wanamwita baars, anapojikusanya makundi makubwa mahali pachache, na ukipajua hapo hushindwi kumpata hata kama unavua kwa miguu bila boti.

Msimchanganye na sangara wa Ziwa Viktoria. Hao ni wa familia nyingine kabisa. Huyu wa huku akifika sentimita 40 tayari ni mkubwa wa kupigiwa picha. Utamtambua kwa milia myeusi ubavuni, mapezi ya tumboni ya rangi ya machungwa au nyekundu, na pezi la kwanza la mgongoni lenye miiba na doa jeusi mwishoni.

Hatua ya 1: Kibali na tarehe

Chukua VISpas, yaani kadi ya kibali cha kuvua, kupitia chama cha uvuvi cha mji wako, kisha weka programu ya VISplanner kwenye simu. Humo ndimo unapoona kama mfereji uliosimama mbele yake unaruhusiwa na una masharti gani. Kuanzia Aprili 1 hadi Jumamosi ya mwisho ya Mei kumvua sangara ni marufuku, kwa hiyo msimu wetu wa baridi unaishia Machi. Chambo cha samaki hai ni marufuku nchi nzima, mwaka mzima.

Hatua ya 2: Kumtafuta

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anakwenda palepale alipopata samaki Agosti, anarusha kwa muda wa saa tatu, anarudi nyumbani akisema sangara hali wakati wa baridi. Anakula, lakini amehama.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Kwa hiyo pale yalipotulia, maji ya nyuzi 4 hushuka na kukaa chini, huku yale ya juu yakiendelea kupoa. Samaki wadogo hukimbilia huko chini, tena hutafuta kona isiyo na upepo wala mkondo. Sangara huwafuata. Ndiyo maana bandari ndogo za mashua mjini, gati za boti za kukaa watu, sehemu pana mbele ya malango ya maji na chini ya madaraja huwa zimejaa, na mifereji mirefu ya mashambani yenye kina cha mita moja huwa mitupu.

Tafuta kina cha mita 3 hadi 6 karibu na kitu cha kujificha: nguzo za kufungia mashua, ukuta wa gati, kivuli cha boti. Anza ukutani kabisa, chini ya miguu yako. Watu hurusha katikati ya bandari na kumruka samaki aliye mita moja kutoka kwenye viatu vyao.

Kila mahali pape dakika kumi. Usipoguswa, sogea. Ukipata mmoja, simama hapohapo, maana sangara hutembea na wenzake wa ukubwa wake. Ukitoa watatu wa sentimita 15, kundi hilo ni la wadogo. Songa mbele ukatafute kundi la wakubwa.

Kuhusu saa, sangara huwinda kwa macho na halimpendezi giza. Baridi ikikaza, nenda saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kuamka alfajiri kwa samaki huyu wakati huu ni kujitesa bure.

Hatua ya 3: Vifaa

Fimbo nyepesi ya mita 2 hivi, inayobeba gramu 2 hadi 12, ncha yake laini. Mshipi mkuu uwe wa kusokotwa, milimita 0.08 au 0.10, ukimalizia na florokaboni (mshipi mwangavu usioonekana sana majini) ya 0.22 yenye urefu wa mita moja na nusu. Ndoana namba 4 au 6. Vichambo vya mpira vya sentimita 5 hadi 7, vyenye mkia mwembamba usiopigapiga sana. Machubwi ya gramu 5 mpaka 10. Beba pia koleo la kutolea ndoana na wavu wa mkono wenye mpini mrefu, kwa sababu kuta za gati ni ndefu na midomo ya sangara huchanika upesi.

Hatua ya 4: Kufunga mtego wa dropushoti (chubwi chini kabisa, ndoana juu yake)

Kunja florokaboni iwe maradufu, ipitishe kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha ipitishe ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Acha mkia wa sentimita 60. Mkia huo urudishe tena kwenye tundu la ndoana ukitokea upande wa ncha, uushushe. Ukiuvuta, utaona ndoana imelala mlalo, imejitenga na mshipi, ncha ikitazama juu. Ikining'inia ovyo, kata ufunge upya. Ndoana iliyolala vibaya haishiki.

Chubwi lifunge sentimita 30 hadi 40 chini ya ndoana. Kichambo kichome puani tu, kibaki huru mwili mzima.

Hatua ya 5: Kuvua

Shusha mpaka chubwi liguse chini, kaza mshipi kidogo, kisha tulia. Kwenye maji ya nyuzi 5 mwili wa sangara umepoa, hakimbizi kitu. Mtikisiko wa mkono wako, hata kupumua kwako, kunatosha kukichezesha kichambo. Hesabu mpaka ishirini. Tikisa ncha ya fimbo mara moja, hesabu tena. Vuta chubwi sentimita 20 chini kwa chini, rudia.

Mguso wa baridi haufanani na ule wa kiangazi. Mara nyingi ni uzito tu, kama mshipi umenasa kwenye jani lililolowa. Ukiuhisi, inua fimbo kwa upole bila kunyakua.

Hatua ya 6: Kumtoa na kumrudisha

Lowesha mikono kabla ya kumshika. Kifuniko cha shavu kina mwiba mkali unaokata kidole, na miiba ya mgongoni huchoma. Ilaze nyuma kwa kiganja ukitokea kichwani. Picha moja, kisha majini. Hewa ikiwa chini ya sifuri usimweke nje wala kumlaza juu ya mawe, matamvua yake yataganda.

Na nyie wenyewe: gati lenye barafu huteleza, na kingo nyingi za mifereji ya Amsterdam hazina kizuizi. Vaeni jaketi la kuokolea. Maji ya nyuzi 4 humkata mtu pumzi papo hapo hata kama ni muogeleaji hodari.

Maswali ya wanachama

*Utrecht:* Kaka, mimi nina kile kibali kidogo tu (Kleine VISpas). Vichambo vya mpira naruhusiwa?

Hapana ndugu yangu, vichambo vya umbo la samaki haviruhusiwi kwa kibali hicho. Tumia mnyoo kwenye mtego huohuo. Kwa baridi mnyoo wakati mwingine hushinda mpira.

*Den Haag:* Mwalimu, wananigusa kisha wanaachia. Nafanya nini?

Dada, punguza chubwi kwanza, kisha kichambo kiwe cha sentimita 4. Ukiguswa shusha ncha ya fimbo kidogo umpe mshipi, hesabu mbili, ndipo uinue.

*Rotterdam:* Nilivua kwenye kina kirefu, samaki akaja juu tumbo limevimba, akashindwa kuzama. Kwa nini?

Kibofu cha hewa cha sangara kimefungwa, hawezi kutoa hewa haraka akipandishwa. Zaidi ya mita 8 usivue kama nia yako ni kumrudisha. Ukiona mmoja kavimba, ondoka hapo, nenda kwenye kina kidogo.

*Almere:* Naweza kumla jamani? Nimekumbuka samaki wa kupaka.

Sheria inataka asipungue sentimita 22, na vyama vingi vinataka arudishwe, hivyo soma masharti ya maji yako. Pakiwa na ruhusa, chukua wawili wa sentimita 25 na uwaachie wakubwa wakazae. Hukua polepole sana. Magamba yake yamegandamana, usihangaike kuyapara. Toa minofu, chuna ngozi, ndipo uipake nazi yako.

*Zwolle:* Shikamoo kaka. Vipete vya fimbo yangu vinaziba barafu.

Marahaba mdogo wangu. Chovya ncha ya fimbo majini sekunde chache, itayeyuka. Usiibandue kwa kucha, utavunja ncha.