Somo: Kuchonga Karamu ya Mwisho bila ubao kupasuka

Kila fundi akipata oda ya kanisa ananitumia picha ya ubao uliopasuka. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa.

1. Mbao: jakaranda ama mvule. Vumbi la mvule linawasha, funga pua.

2. Chora kwa penseli. Ile mnayoiga wote, mitume watatu watatu pande zote za Yesu, ilichorwa na Leonardo da Vinci ukutani mjini Milan, 1495 hadi 1498.

3. Kausha. Hapa ndipo oda huharibika. Mbao nyingi za soko la Kibuye, Kisumu, unauziwa zikiwa mbichi. Zipange kivulini, vijiti katikati upepo upite, ncha zipakwe rangi. Pima uzito kila wiki. Ukiendelea kushuka, usiguse patasi. Jua kali, hapana. Kisha chimba mifereji nyuma ya ubao. Wachongaji wa Ujerumani kama Tilman Riemenschneider walichimba migongo ya sanamu kwa sababu hiyo hiyo: mti mnene hukauka nje upesi, ndani ukabaki na maji, ukajipasua. Na ukiutundika usiukaze misumari pembe zote nne. Lazima upate nafasi ya kutanuka.

4. Anza na sehemu za nyuma kabisa, uje mbele. Pua ya Yesu iwe ya mwisho.

5. Msasa, vanishi.

Maswali

— Fundi, mbao gani nzuri?
Namba 1.

— Nimeukausha juu ya jiko, umepasuka. Kwa nini?
Namba 3 nilimwandikia nani?

— Huyo mwanamke kando ya Yesu nimwekee hereni?
Ni Yohana. Acha masikio yake.

— Mwalimu, lazima tumfuate Leonardo?
Hapana, na nashukuru umeuliza. Riemenschneider alichonga karamu hiyo hiyo kule Rothenburg, 1501 hadi 1505. Yuda amemsimamisha katikati, mfuko mkononi, Yesu akimnyoshea tonge. Kuna kazi kongwe kuliko hiyo, ingawa si ya karamu: milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina, Rome, ya karne ya 5: ina mojawapo ya picha za kwanza kabisa za Yesu msalabani. Tafuta picha zake, utazame jinsi walivyopanga watu mahali padogo. Ukikwama nitumie mchoro wako kabla hujakata.

— Na nikiweka ngege mezani, padri atakataa?
Muulize yeye. Lakini hata kwa Leonardo kuna samaki. Magamba yachonge kwa patasi ya mviringo, ndogo, imenolewa vizuri.

— Unanoa na nini?
Jiwe la mafuta, halafu mkanda wa ngozi. Ukitumia tupa utaharibu makali.