Leva ngumu ya klachi kwenye Triumph Bonneville T120 (1963–1969): anza na waya, springi ziache kwanza

Somo hili ni la pikipiki ya T120 ya 650 cc kutoka Meriden, kiwanda cha Triumph Uingereza, zile za kuanzia 1963 ambazo injini na giaboksi vimo kwenye chombo kimoja. TR6, ndugu yake wa Triumph wa miaka hiyo, inafuata utaratibu uleule.

Leva ikiwa ngumu, wengi hukimbilia springi. Wanalegeza nati 3 zinazobana springi, leva inalainika, halafu klachi inaanza kuteleza kwenye mlima na pleti zinaungua. Jiulize kwanza: springi ikizeeka hukaza au hulegea? Hulegea. Kwa hiyo kama leva ilikuwa nyepesi na sasa ni ngumu, na hakuna aliyebadilisha springi, kuna kitu kinakwaruza njiani kati ya vidole vyako na presha pleti (sahani ya nje inayobanwa na springi).

Andaa spana za inchi (za milimita zitakula kona za nati), bisibisi pana, oili nyepesi, grisi kidogo, kipande cha kioo na bisibisi moja ya zamani utakayoitoa sadaka. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, ifunge kwenye ncha ya leva, vuta hadi klachi iachie, uandike kilo. Utapima tena mwishoni. Vidole havina kumbukumbu nzuri.

1. Tenganisha, kisha onja kila kipande peke yake

Ingiza ndani kabisa kirekebishi cha waya kilichopo kwenye hendeli, utoe nipeli (kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya) kwenye leva. Chini, vuta mpira wa kuzuia vumbi, fungua plagi ya kava ya nje ya giaboksi na uchomoe nipeli ya pili. Kama kava yako haina tundu hilo, itabidi itoke (hatua ya 4).

Sasa chezesha leva tupu. Inatakiwa ijiendee bila kukwama. Shika waya wa ndani kwa vidole viwili: uteleze kwenye ganda lake bila kukwaruza, hata ukilikunja ganda kidogo. Kinachogoma hapa ndicho mgonjwa wako.

2. Leva

Skrubu ya ekseli ya leva ikikazwa mno inabana masikio ya kishikio. Kaza skrubu mpaka leva ianze kubanwa, irudishe kidogo mpaka iwe huru, halafu ishikilie kwa bisibisi wakati unakaza nati ya chini. Ukikaza nati bila kuishikilia skrubu, inazunguka nayo na unarudi ulikotoka.

Nipeli ya juu ni kipipa kidogo, nacho lazima kizunguke ndani ya leva. Kikikauka, kila ukivuta, waya unakunjwa palepale unapoingia kwenye nipeli. Angalia kwa karibu: ukiona uzi mmoja umekatika na kuchomoza kama unywele, waya huo umekwisha, usiutie oili.

Kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya nipeli. Leva za Kiingereza zina vipimo viwili, inchi 7/8 (mm 22) na inchi 1 1/16 (mm 27), na kwa macho zinafanana kabisa. Ya 7/8 inapunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu 18%, lakini na mwendo wa waya unapungua kwa kiasi kilekile. Leva nyingi za kuiga zinauzwa bila kipimo kutajwa, na mtu anafunga ya 27 bila kujua.

3. Waya

Hapa ndipo matatizo mengi yalipo. Waya unatoka leva ya kushoto, unazunguka shingo ya usukani, unapita chini ya tangi na kushuka upande wa kulia hadi giaboksi. Kila kona kali inaongeza msuguano. Tafuta mahali tangi linapolikandamiza ganda, au kamba ya plastiki iliyokazwa mpaka ganda limebonyea.

Urefu nao unategemea hendeli. Hendeli ndefu za soko la Marekani zinahitaji waya mrefu kuliko zile fupi za Uingereza. Waya mrefu kwenye hendeli fupi unajikunja kitanzi. Mfupi kwenye hendeli ndefu unavutika na kukunjamana shingoni. Geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho: ganda likinyooka au kubanwa, njia si sahihi.

Ganda la chuma tupu litie oili nyepesi. Funga faneli ya mfuko wa nailoni juu, ning'iniza, acha oili ishuke mpaka idondoke chini ikiwa safi. Ganda lenye nailoni ndani usilitie grisi, itaganda na kuushika waya. Na kama unanunua mpya, nunua wenye nailoni.

4. Mtambo wa gololi

Kwenye kava ya nje ya giaboksi kuna gololi 3 kati ya sahani mbili zenye vishimo. Waya ukivuta mkono wa mtambo, gololi zinapanda na kusukuma fimbo, nayo inasukuma presha pleti ili klachi iachie. Vishimo vikila, gololi inapanda ukingo badala ya mteremko na leva inakuwa na "kigingi" katikati ya mvuto. Hapo badilisha sahani na gololi, msasa hausaidii.

Mwaga oili ya giaboksi kabla ya kutoa kava, na wakati wa kuitoa kandamiza kiki kidogo. Ukirudisha, ni 500 cc ya oili ya gia ya EP90.

5. Fimbo

Inapita ndani ya shafti kuu ya giaboksi. Itoe, uiviringishe juu ya kioo: mwanga ukipita chini yake, imepinda. Ncha iliyotanuka kama uyoga au kugeuka bluu inaonyesha klachi iliendeshwa bila ulegevu wowote, ikawa inasagana muda wote. Weka fimbo mpya, ncha zipake grisi.

6. Marekebisho, kwa mpangilio huu tu

Waya uwe umelegea kabisa. Fungua kifuniko cha kava ya praimari (kava ya kushoto inayofunika klachi), legeza nati ya katikati ya presha pleti, ingiza skrubu mpaka iguse fimbo tu. Irudishe mzunguko mmoja, ifunge. Ndipo uende kwenye hendeli kuondoa ulegevu, ukibakiza mm 3 kwenye leva.

Anayeanza na hendeli anaupeleka mkono wa mtambo kwenye pembe mbaya, na leva inakuwa nzito hata kila kitu kikiwa kipya.

7. Springi, sasa

Toa kava ya praimari. Chonga pengo katikati ya ncha ya ile bisibisi ya zamani ili ipite kwenye pini ya springi inayochomoza katikati ya nati. Kaza nati 3 mpaka zilingane na ncha za pini. Vuta leva, piga kiki taratibu na uangalie presha pleti: ikiyumba, kaza nati ya upande unaonyanyuka zaidi, robo mzunguko kwa wakati. Ukifunga kava, tia 350 cc ya oili ya SAE 20.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefunga leva ya 7/8, imelainika kweli, ila sasa gia ya kwanza inaingia kwa kishindo.
Jibu: Mwendo umepungua, klachi haiachii yote. Rudia hatua ya 6, kisha hakikisha pleti haiyumbi. Ikinyanyuka sawasawa, mwendo wa 7/8 unatosha.

Swali: Asubuhi klachi haiachii kabisa, mchana iko sawa. Ni waya?
Jibu: Hapana, pleti zimegandana kwa oili. Kabla ya kuwasha, vuta leva na upige kiki mara mbili tatu mpaka zibanduke.

Swali: Fundi, waya wa bodaboda ukikatwa kwa kipimo hauwezi kufaa?
Jibu: Nipeli hazilingani, na ya kubana kwa skrubu inachomoka. Ukitengeneza mwenyewe, fumua nyuzi ndani ya nipeli kisha uchomelee kwa risasi.

Swali: Norton Commando, ile pikipiki nyingine ya Kiingereza, nayo ni hivihivi?
Jibu: Leva na waya, ndiyo. Klachi yenyewe ina springi ya diafragma, yaani springi moja bapa kama sahani. Usiifungue bila kifaa chake maalumu, ina nguvu ya kuvunja vidole. Kwanza angalia nati ya duara inayoshika mtambo ndani ya kava ya giaboksi. Ikilegea, mtambo unageuka na waya unavutwa kimshazari.