Mti wa Krismasi usikauke kabla kwaya haijaimba

Ukinunua saiprasi kando ya barabara hapa Nairobi, usiichomeke tu kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Kata kwanza sentimita 2 au 3 za chini ya shina, maana utomvu huwa umeshaziba pale ulipokatwa, kisha uutie mti majini papo hapo. Mchanga na mawe ni ya kuushika usiyumbe. Kinachouweka hai ni maji. Siku ya kwanza hunywa kweli kweli, kwa hivyo chungulia ndoo asubuhi na jioni.

Kanisani tuliwahi kuusimamisha mbele ya waimbaji wa besi, wale wa sauti nzito, mwalimu wa kwaya akawa anayapungia matawi. Siku hizi unakaa pembeni, mbali na dirisha la jua. Taa tunazima mazoezi yakiisha.