Bomba la kupunguzia maji kwenye tangi la samaki bila kutoboa kioo

Furu wangu, samaki wa Ziwa Victoria, wanaishi sebuleni, Nyakato, Mwanza, kwenye tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Ni furu wa mawe, wadogo, na dume akiwa na hasira rangi yake inawaka kama taa. Nawafuga kwa kuwapenda, na pia kwa sababu ziwani wamepungua mno: sangara, anayewala, aliingizwa humo miaka ya 1950, na baada ya miaka ya 1980 aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Samaki wa namna hiyo siwezi kuwaacha wafe kwa sababu ya bomba baya.

Nilipotaka kuweka tangi la pili chini ya meza, la kuchujia maji, yashuke humo kisha pampu iyarudishe juu, nilimrudia fundi kioo aliyenitengenezea la juu. Akakataa kulitoboa. "Mwalimu, tangi limeshagandishwa, lina maji, lina samaki. Drili ikiteleza hapo utalia wewe na mimi." Alikuwa na haki. Basi maji itabidi yapite juu ya ukingo.

Kuyapitisha juu si ajabu. Kila aliyewahi kunyonya dizeli kwenye pipa kwa mpira anajua: mpira ukishajaa, mafuta yanapanda ukingo yenyewe na kushuka upande wa pili. Shida inaanza umeme ukikatika. Pampu inasimama, maji ya juu yanaendelea kushuka hadi mpira unameza hewa, mvuto unakufa. Umeme ukirudi saa nane za usiku, pampu inapandisha maji na njia ya kushukia haipo. Kwa hiyo bomba letu lazima libaki limejaa maji hata pampu ikisimama kutwa nzima. Ndiyo kazi yake kubwa.

Nunua paipu ngumu ya PVC ya inchi moja na robo, elbo saba (viungo vya kona), tii moja (kiungo chenye midomo mitatu), gundi ya paipu, mpira mwembamba wa hewa na silikoni ya matangi ya samaki. Usikimbilie paipu ya inchi mbili ukidhani kubwa ni bora. Kwenye paipu pana maji yanatembea polepole, na viputo vya hewa vinabaki juu kwenye daraja badala ya kusombwa.

Lifuate bomba kama maji yanavyolifuata. Yanaingia kwenye paipu iliyosimama ndani ya tangi, mdomo wake ukiwa juu. Yanashuka sentimita 20, yanageuka kwa elbo mbili zilizounganishwa kwa kipande kifupi, yanapanda tena, yanavuka ukingo kwa elbo nyingine mbili (hilo ndilo daraja), yanashuka nje sentimita 25, yanageuka tena kwa elbo mbili, yanapanda kidogo na kukutana na tii. Kwenye tawi la tii yanatoka pembeni, na elbo ya saba inayaelekeza tangi la chini. Kila upande, basi, una kona yenye umbo la U inayobaki na maji. Hewa haina pa kuingilia.

Mdomo wa juu wa tii uache wazi, na uuongezee kipande cha paipu kinachofika juu ya ukingo wa tangi. Usiuzibe kamwe. Ukiuziba, paipu inayoshuka nayo inaanza kuvuta kama mpira wa dizeli, inanyonya maji yote ya kona ya nje, na mvuto unakatika hapo hapo.

Sasa vipimo, na hapa usikadirie kwa macho. Kwenye mdomo wa paipu ya ndani kata mipasuo myembamba kwa msumeno wa chuma, yenye kina cha sentimita 3, kuzunguka pande zote. Mwisho wa chini wa mipasuo ukae sentimita 5 chini ya ukingo wa tangi, maana hapo ndipo maji yatasimama umeme ukikatika. Tawi la tii, ukingo wake wa chini, likae sentimita 8 chini ya ukingo wa tangi. Tofauti hiyo ya sentimita 3 ndiyo inayosukuma maji. Kwa kuwa mipasuo inakata maji ya juu kabisa, ule utando wa mafuta unaoganda usoni pa tangi unaondoka wenyewe.

Piga msasa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, shikilia mpaka itulie. Viungo vya daraja usivionee huruma ya gundi, kwa sababu tundu dogo kama la sindano linatosha kuingiza hewa. Paipu yenye mipasuo mimi sikuigundisha, naichomoa kuisafisha. Acha saa 24, kisha suuza sana.

Juu ya daraja toboa tundu dogo, ingiza mpira wa hewa, zungushia silikoni. Kuwasha bomba: jaza maji kona zote mbili, nyonya hewa kwa mpira huo mpaka maji yafike, ubane.

Mimi mara ya kwanza niliishia hapo, nikaubana mpira kwa waya na kuridhika. Viputo vilikusanyika darajani wiki hadi wiki. Usiku mmoja nikasikia, "Baba Neema, njoo, maji!" Mkeka wa mtoto ulikuwa umelowa chapachapa, na pampu chini inakoroma bila maji, imeungua. Nilikuwa nimekosea mara mbili.

La kwanza, mpira wa darajani usiubane tu. Uunganishe kwenye tundu la hewa la pampu ndogo inayozungusha maji ndani ya tangi la juu, ili inyonye viputo muda wote. Iwe tangi la juu. Ukiushusha tangi la chini, umeme ukikatika mpira wenyewe utamwaga maji ya bomba lako.

La pili ni hesabu. Tangi langu lina lita 5.4 kwa kila sentimita ya kimo. Likifanya kazi, maji yanasimama sentimita 3.5 chini ya ukingo, yaani nafasi iliyobaki ni karibu lita 19. Chumba cha pampu kule chini sasa ni sentimita 30 kwa 35, na maji yaliyo juu ya mdomo wa pampu ni sentimita 15, chini kidogo ya lita 16. Bomba likifa, pampu itamaliza lita hizo na sebule itabaki kavu. Paipu ya kurudishia nayo itoboe tundu sentimita 1 chini ya maji, isije ikayarudisha yote chini.

Pima kwa ndoo ya lita 10. Bomba langu linaijaza kwa sekunde 42, pampu kwa sekunde 55. Pampu lazima iwe ndiyo ya polepole.

Furu jike hulea mayai mdomoni, na vitoto akishavitema vinapita kwenye mipasuo. Uvishe wavu laini mdomo wa paipu kabla hujavikuta kwenye kichujio.

Kisha, kabla hujalala, chomoa plagi. Subiri maji yatulie, chomeka. Rudia mara tatu, na kila mara simama hapo mpaka usikie maji yanashuka tena.