Spitfire Mk I ya 1/72: kuiunganisha, kuipaka rangi na kuimaliza mkiwa kundi

Kasoro unayoiona kwenye modeli ya ndege ya plastiki iliyokwisha karibu kila mara ilizaliwa hatua mbili nyuma. Stika yenye weupe chini yake inatokana na rangi iliyokauka ikiwa na chenga. Mshono unaochungulia katikati ya mgongo unatokana na gundi kidogo. Rangi iliyobanduka na tepu inatokana na plastiki ambayo haikuoshwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kazi ya kabla ya rangi, ambayo wengi huikimbia.

Modeli yetu ni ya ndege ya kivita Supermarine Spitfire Mk I kama ilivyoruka Agosti 1940, kwenye vita vya anga vya Uingereza. Kampuni za Airfix na Tamiya zote zimetoa seti yake ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ndege halisi ina mabawa ya mita 11.23 na urefu wa mita 9.12, kwa hiyo ya mezani itakuwa na sentimita 15.6 kwa 12.7. Ni ndogo, vipande vyake ni vichache na picha zake zimejaa kila mahali. Kwa kundi la watu wanne au watano wanaoanza pamoja ndiyo seti bora, maana wote mkijenga kitu kimoja kila kosa linakuwa somo la meza nzima.

Vifaa

Kila mtu awe na koleo dogo la kukatia, kisu chenye wembe wa kubadilisha, kibano, vibanio vya nguo na msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000 na 2000. Msasa huo unapatikana maduka ya rangi za magari, na ni ule ule. Kundi linunue kwa pamoja vitu vya gharama: brashi ya upepo (kifaa cha kupulizia rangi) yenye sindano ya milimita 0.3, kompresa yenye kichujio cha maji, chupa za rangi na dawa za stika.

Gundi iwe ya plastiki hasa, ile nyepesi kama maji inayokuja na brashi kwenye kifuniko. Haigandishi vipande kwa juu juu, inayeyusha plastiki za pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Supa gluu iwekeni akiba ya kujazia mianya na kushika chuma. Thina ya rangi za magari na asetoni ya kufutia rangi ya kucha msiziweke karibu na meza, kwa sababu zinakula plastiki hii ndani ya sekunde chache. Fahamuni pia kwamba wauzaji wengi wa nje hawatumi gundi, makopo ya kupuliza na rangi za mafuta kwa ndege, maana zinawaka moto. Akriliki za maji ndizo zinazofika kwa urahisi. Agizeni pamoja, mara moja.

Kuosha na kukata

Kabla ya kukata chochote, loweka fremu za vipande dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, suuza, anika kivulini. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuitenganisha na kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Msianike juani wala msiache seti ndani ya gari lililofungwa: bawa jembamba la 1/72 hupinda, na kulinyoosha ni kazi ya maji ya moto na bahati.

Kata kila kipande mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali na kipande, wa pili uache kama nusu milimita, kisha msasa umalizie. Ukikata mara moja kwa kubana, plastiki hupasuka kuelekea ndani na kuacha shimo jeupe ambalo utalijaza baadaye kwa saa nzima.

Chumba cha rubani

Hapa msipoteze wiki. Kioo kikifungwa kinaonekana kiti, mkanda na ukingo wa dashibodi, basi. Kuta zipakwe kijani-kijivu cha ndani (rangi ya Humbrol namba 78 inatosha), dashibodi nyeusi, mikanda rangi ya kitani. Kinachostahili subira ni kujaribu bila gundi: weka sakafu ndani ya nusu moja ya kiwiliwili, funga nusu ya pili, angalia kama midomo inakutana. Ikiachama hata kidogo, punguza kingo za sakafu kwa msasa. Ukilazimisha kwa vibanio, mshono utafunguka wenyewe mwezi mmoja baadaye, rangi ikiwa tayari juu.

Mshono

Hii ndiyo hatua inayotenganisha modeli na kisesere. Kutanisha nusu mbili za kiwiliwili, gusisha brashi ya gundi kwenye mstari, iache ikimbie yenyewe ndani. Subiri sekunde kumi, kisha minya taratibu mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze juu kama uzi mwembamba. Usiifute. Uzi huo ndio fila yako, yaani kijazio cha mwanya, na ni plastiki ile ile, kwa hiyo hautadidimia wala kupasuka. Bana kwa vibanio, acha saa 24 kamili. Mwenye haraka akipiga msasa baada ya saa mbili anasaga plastiki ambayo bado ni laini. Ikikauka inanywea, na mfereji unarudi pale pale.

Siku ya pili anza na msasa 400 wenye maji kwa kipande kidogo kilichozungushwa kwenye kijiti, halafu 600, halafu 1000. Fuata mviringo wa kiwiliwili. Ukisugua kwa kulala, mgongo wa ndege unakuwa bapa, na Spitfire haina ubapa popote. Mistari ya mabati (inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege) iliyofutika ichongwe upya kwa ncha ya sindano ukiongozwa na tepu ngumu.

Mwenye modeli hauoni mshono wake, jicho lake limeshauzoea. Badilishaneni. Zimeni taa ya juu, washeni tochi moja, ilazeni karibu na kiwiliwili mwanga upite ubavuni. Mwenzako atauona mfereji kwa kivuli chake. Autie alama kwa penseli na kukurudishia modeli yako.

Mabawa

Mabawa ya Spitfire yanainuka nyuzi 6. Kwa kila milimita 50 kutoka shinani, bawa linapanda kama milimita 5. Kateni kadi ngumu yenye mteremko huo, moja tu kwa meza nzima, na kila mmoja apumzishe ndege yake juu yake gundi inapokauka. Halafu itazame kwa mbele: mabawa madogo ya mkiani yalale sawa kabisa, na pezi lisimame wima. Kuegemea kwa milimita moja kunaonekana toka upande wa pili wa chumba.

Chini ya mabawa, rejeta kubwa ya kisanduku inakaa bawa la kulia la rubani, na kipoza mafuta chembamba cha duara bawa la kushoto. Ukigeuza ndege tumboni, kulia na kushoto hubadilishana machoni, na wengi huvibandika kinyume. Angalia mara mbili. Miguu ya magurudumu iacheni mwisho, baada ya rangi.

Kioo

Supa gluu ikikauka inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye kioo, na ukungu huo hautoki kirahisi. Tumia gundi nyeupe ya mbao: inakauka bila rangi, na iliyozidi inafutika kwa kijiti cha pamba chenye maji. Ziba vidirisha kwa vipande vyembamba vya tepu, vinne kufuata kingo za kila kidirisha, katikati jaza tepu yoyote. Puliza kwanza kijani-kijivu cha ndani juu ya fremu, kisha rangi ya nje. Ukitazama kupitia kioo utaona fremu ina rangi sahihi kwa ndani.

Rangi

Pulizeni praima (rangi ya msingi) ya kijivu, nyepesi. Itaonyesha kila mkwaruzo. Rudini kwenye msasa 1000 panapohitajika, bila kuona haya.

Akriliki za Tamiya changanya sehemu moja ya rangi na moja au moja na nusu ya thina yake, mpaka iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa. Isopropili ya duka la dawa pia inafanya kazi kwa rangi hizi. Presha iwe psi 15 hadi 20, umbali sentimita 8 hadi 10, tabaka jembamba mara tatu badala ya moja nene. Rangi ikitua na chenga kama mchanga, imekauka hewani: sogea karibu, ongeza thina, au tia tone la dawa ya kuchelewesha rangi kukauka. Ikitambaa kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au presha imezidi. Kwenye joto la pwani, Mombasa au Dar es Salaam, hilo la chenga litawasumbua zaidi. Vaeni barakoa ya mvuke na fungueni madirisha. Hata akriliki si hewa ya kuvuta.

Mfuatano ni huu: tumbo kwanza kwa Sky, kijani hafifu sana kilichochanganyika na maziwa (Tamiya XF-21, Humbrol 90). Kisha juu yote kahawia ya udongo (Humbrol 29). Mwisho mabaka ya kijani cheusi (Tamiya XF-81, Humbrol 30). Pangeni siku ya Sky kwa ndege zote tano, siku ya kahawia kwa zote, na siku ya kijani. Kusafisha brashi ya upepo kila mtu na rangi yake kunamaliza thina na uvumilivu, na mmoja akipuliza mwingine anaziba tepu.

Je, mpaka wa mabaka uwe mkali au laini? Kwenye 1/72, mkali. Ukungu wa sentimita 2.5 kwenye ndege halisi ni milimita 0.35 kwako, jicho haliushiki. Zibeni kwa tepu laini, na kabla ya kuibandika igusishe kwenye kiganja mara mbili tatu ipunguze nguvu. Tepu ya wapaka nyumba ina gundi kali mno, inaondoka na praima.

Mabaka yenyewe yalikuwa na ramani mbili, A na B, moja ikiwa kama nyingine inavyoonekana kwenye kioo, nazo zilipakwa kwa kupishana ndege moja baada ya nyingine. Kwa hiyo tano zenu mezani zisifanane zote.

Asiye na brashi ya upepo atumie enameli (rangi ya mafuta) na brashi bapa ya milimita 10, tabaka mbili au tatu, saa 24 kati yake, kila tabaka ikipita upande mmoja tu. Inapendeza kabisa. Kurudia brashi juu ya rangi iliyoanza kukauka ndiko kunakoacha michirizi.

Stika

Stika hazishiki juu ya rangi isiyong'aa. Uso wake una vilima vidogo, hewa inabaki mabondeni, na hewa hiyo ndiyo weupe mnaouona. Pulizeni vanishi ya kung'aa tabaka mbili, subirini siku moja au mbili.

Loweka kila stika sekunde 15, itoe, iache dakika moja juu ya karatasi. Paka Micro Set, dawa ya kuandaa mahali pa stika, mahali pake, telezesha, sogeza kwa brashi yenye maji, nyonya maji kwa ncha ya kitambaa. Kisha Micro Sol, dawa ya kuilainisha, juu. Stika itakunjamana vibaya kama ngozi ya mzee. Usiiguse! Inalainika na kujilaza yenyewe ndani ya mistari ya mabati. Ukiigusa wakati huo imechanika.

Kwa Agosti 1940: juu ya mabawa duara (alama za jeshi la anga la Uingereza) za bluu na nyekundu tu, bila nyeupe, ubavuni duara yenye pete ya njano nje, chini ya mabawa nyekundu, nyeupe na bluu, ambazo zilirejeshwa mwezi huo huo. Herufi za kikosi ni za kijivu. Kikosi cha 610 kilichokuwa kituo cha Biggin Hill kilibeba herufi DW. Mshipi wa Sky kuzunguka mkia na kofia ya pangaboi ya Sky vilikuja mwisho wa mwaka, kwa hiyo visiwepo. Kofia ni nyeusi. Ncha za pangaboi ni njano kwa inchi 4, yaani milimita 1.4 kwako. Mnaotazama picha za ndege za makumbusho, kama ile yenye namba X4590 iliyoko makumbusho ya Hendon, London, tumieni maumbo yake kwa imani, lakini rangi zilinganisheni na picha za wakati ule.

Uchafu na kumaliza

Funika stika kwa vanishi ya kung'aa tena, kisha pitisha rangi ya mafuta ya kahawia nyeusi iliyozimuliwa sana kwenye mistari, ifute baada ya nusu saa kwa pamba kuelekea nyuma, upande hewa inakopita. Nyeusi tupu inaifanya ndege ionekane kama vigae vya bafuni.

Halafu vanishi isiyong'aa. Kwenye unyevu mwingi inaganda na ukungu mweupe, kwa hiyo msipulize siku ya mvua wala alfajiri. Saa nane mchana ya siku kavu ndiyo saa yake. Ukungu ukitokea, tabaka nyembamba ya vanishi ya kung'aa juu yake mara nyingi huufuta, kisha mnarudia siku nyingine.

Moshi wa ekzosi upulizwe kwa kijivu-kahawia chepesi mno kutoka mabomba kurudi nyuma juu ya shina la bawa. Mikwaruzo ya fedha iwe michache, shinani mwa bawa la kushoto, kwa sababu mlango wa rubani uko upande huo na ndipo alipokanyaga. Mbele ya bunduki nane za Browning weka viraka vyekundu vinavyoziba midomo yake. Kama unataka ndege iliyotoka vitani, viraka vimetoboka na masizi yanarudi chini ya bawa. Usifanye vyote viwili kwenye ndege moja.

Sasa bandika magurudumu, pangaboi na mlingoti wa antena, ondoa tepu za kioo taratibu kwa kijiti cha meno, na iweke mezani pamoja na nyingine nne chini ya tochi ile ile.