Somo: Kumzoesha mbwa mgeni akae kwa amani na paka wa nyumbani

Habari zenu wanakikundi. Huku Mtwara msimu wa korosho ukikaribia, watu wengi huanza kutafuta mbwa. Magunia yakishaingia stoo hakuna usingizi: nje kuna mwizi, ndani kuna panya. Wa nje ni kazi ya mbwa, wa ndani ni kazi ya paka, na nyumba nyingi kuanzia Chuno mpaka Naliendele zinawahitaji wote wawili. Tatizo huanza siku mbwa anapoletwa na kamba yake, paka yupo zake barazani, na mwenye nyumba anasema, "Waache, watazoeana tu."

Mimi nilisema hivyo hivyo. Mbwa wangu wa kwanza aliingia getini saa kumi jioni, nikamfungua kamba auone ua. Paka alishtuka akatimua mbio, mbwa akamfuata. Walizunguka nyumba mara moja tu, paka akaparamia kenchi za banda la jirani na hakushuka siku tatu. Mwezi haujaisha alikuwa ameshahama kabisa. Panya walinitoboa magunia mwaka ule, lakini si magunia yaliyoniuma. Paka yule alizaliwa chini ya kitanda cha mama yangu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote humu: mbwa asionje kumkimbiza paka, hata mara moja. Kukimbiza ni utamu kwake, hahitaji mtu wa kumpa zawadi juu yake. Akionja mara tatu umeshamfundisha kazi, na kumwachisha ni miezi.

HATUA YA 1: Kabla mbwa hajafika

Ukipata mtoto wa mbwa wa wiki 8 hivi umerahisishiwa sana. Tangu wiki ya 3 mpaka kama ya 14 akili yake inapokea viumbe wanaomzunguka kuwa ni sehemu ya maisha. Ukichukua mbwa mkubwa, muulize mwenyewe bila kuona haya: kwao kuna paka? Anakula kuku wa watu? Ameshawahi kuua paka? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, tafuta mbwa mwingine.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kwa wote wawili, kuanzia umri wa miezi 3. Wengi husahau kwamba paka naye huambukizwa. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iliwekwa kwenye mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na ugonjwa huu kusini mashariki mwa nchi, 2010 hadi 2015, na wengi wenu mtakumbuka foleni za mbwa wakati ule. Mradi uliisha, ugonjwa haukuisha. Muone afisa mifugo wa kata yako, na dawa ya minyoo uchukue hapo hapo.

Kisha mtengenezee paka njia za juu, na azitumie kabla mbwa hajaja. Ubao mmoja ukutani, pengo kwenye dirisha la stoo, gogo la kupandia juu ya simtanki, mwembe usiokatwa matawi yote ya chini. Tembea uani kwako ukijiuliza: paka akiwa hapa niliposimama, anaruka kwenda wapi? Ukikosa jibu, hapo ndipo atakapokamatiwa. Chakula na maji yake vihamishiwe juu pia.

HATUA YA 2: Wanusane bila kuonana

Siku 3 hadi 5 za mwanzo wasionane kabisa. Mbwa abaki bandani au nyuma ya mlango, paka aendelee na mizunguko yake. Chukua kipande cha kanga kuukuu ukisugue mashavuni mwa paka, ukiweke anapolala mbwa. Cha mbwa kipeleke kwa paka. Halafu walishe kwa wakati mmoja, huyu upande huu wa mlango na yule upande ule, mbalimbali kwanza, kila siku bakuli zikisogea kidogo. Paka akila mpaka akamaliza bila kunguruma wala kuvimbisha mkia, endelea. Akigoma kula, umeharakisha, rudisha bakuli nyuma.

HATUA YA 3: Kuonana kupitia wavu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosa subira.

Tumia wavu wa kuku, geti la nondo, au mlango uliofunguliwa kidogo na kufungwa kwa kamba. Mbwa awe na kamba mkononi mwako hata kama wavu upo. Paka usimshike, usimbebe. Aje akitaka, aondoke akitaka.

Mtazame mbwa, si paka. Mbwa anayetikisa mkia mpaka kiuno kinacheza, anayenusa chini, anayegeuza macho pembeni, huyo ana udadisi tu. Wa kuogopa ni yule anayekaza mwili: masikio mbele, mdomo umefumba, macho hayapepesi, na kimya. Watu huogopa anayebweka wakamsifu huyu kuwa mtulivu. Huyu anawinda. Mwondoe taratibu, ongeza umbali, hata mita 10 zikibidi.

Kumbuka pia kwamba hawa wawili hawaelewani lugha. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi amefurahi. Paka akiupiga mkia huku na huku amechukia. Kwa hiyo mbwa anadhani anaitwa kucheza, kumbe anaonywa, na kinachofuata ni makucha puani.

Zoezi lenyewe ni hili. Andaa dagaa waliorowekwa na kuchemshwa chumvi ikatoka, au vipande vya maini vidogo kama punje ya hindi. Mbwa akimwona paka tu, kabla hajakaza mwili, mpe kimoja. Akimtazama tena, kingine. Paka akiondoka, dagaa wanaisha. Baada ya siku kadhaa utaona jambo la kufurahisha: anamwona paka, kisha anageuka kukutazama wewe. Siku hiyo shangilia, maana ameshaanza kuelewa kwamba paka akitokea, kizuri kinatoka kwako.

Neno "Acha!" mfundishe pembeni kwanza, paka akiwa hayupo. Fumba dagaa kiganjani. Atanusa, atalamba, atakwangua kwa mguu. Sekunde atakayorudisha pua nyuma, sema "Acha", fungua mkono mwingine umpe. Akishalijua neno kwa dagaa, utaweza kulitumia kwa paka.

Dakika 5 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Na naomba sana, fimbo iacheni. Mbwa akipigwa kila paka anapopita hajifunzi kumwacha. Anajifunza kwamba paka ndiye anayeleta maumivu, na siku haupo atamlipizia yeye.

HATUA YA 4: Ua mmoja, kamba ikiwepo

Mchoshe mbwa kwanza. Mimi humpeleka wangu pwani alfajiri, akirudi hana haraka ya lolote. Mfunge kamba ya mita 3, mkalishe, paka apite huru. Mbwa akilala chini mwenyewe huku paka anamwona, mpe chakula kingi kuliko kawaida.

HATUA YA 5: Kuondoa kamba

Fanya hivyo baada ya wiki nzima ambayo mbwa hajaruka hata mara moja. Mwanzoni uwe hapo hapo. Jihadhari na magharibi, saa ambayo paka hupenda kukimbia ovyo, maana chochote kinachokimbia humwamsha mbwa. Usiku kazi zao zenyewe zinawatenganisha: mbwa anafunguliwa uani, paka anafungiwa stoo na panya wake. Wapo wanaofika hapa kwa wiki 2, wapo wa miezi 3.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Mtanda, Lindi: Kaka, mbwa wangu ana miaka miwili na amemkimbiza paka tangu aje. Sasa paka anaishi juu ya bati, chakula namrushia. Nimechelewa?

Hujachelewa dada yangu, ila anza hatua ya 2 kana kwamba mbwa ameletwa leo. Kuanzia sasa mbwa asiwe huru kabisa saa ambazo paka anashuka. Chakula usikirushe, kiweke mahali pamoja pa juu, saa ile ile kila siku, na kila siku mbili ukishushe kidogo.

Mzee wa Masasi: Mwanangu, mbwa wangu wawili ni wa kuwindia nguruwe shambani. Mmoja mmoja hana habari na paka. Wakiwa pamoja hawashikiki.

Shikamoo mzee wangu. Mbwa wawili ni kundi, mmoja akianza wa pili hafikiri. Nao umewafundisha kazi ya kukimbiza na kukamata, na wameijua vizuri. Sitakudanganya: hao wasiachwe huru pamoja na paka, hata mwaka upite. Wakitoka shambani mmoja afungwe, au paka apewe upande wake wa ua wenye wavu.

Kaka wa Mikindani: Sisi nyumbani tunachunga sana najisi. Mbwa yuko nje, lakini paka anamsugua kisha anakuja kulala kwenye msala.

Swali zuri, na ndilo linalowafanya wengi wa pwani wasite. Mimi si shekhe, undani wake muulize imamu wako. Nilichofundishwa kwa madhehebu ya Shafi ni kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, cha kuchunga ni mate na umaji. Kwa hiyo mbwa asizoeshwe kumlamba paka, wasichangie bakuli la maji, na siku za mvua paka asitoke wakati mbwa amelowa. Tunachotafuta ni amani, urafiki wa kulala pamoja si lazima.

Mama wa Nachingwea: Kwangu paka ndiye mkorofi. Amemparua mtoto wa mbwa karibu na jicho.

Pole mama. Jicho likiwa jekundu, linatoa machozi au analifumba, muone daktari wa mifugo leo. Huyo mtoto anamrukia paka kwa kutaka mchezo, na paka hana pa kukimbilia. Mwongezee njia za juu, na mtoto avae kamba hata ndani. Kucha za paka unaweza kukata ncha tu, usiguse sehemu ya waridi yenye damu.

Kijana wa Chikongola: Kuna uhusiano gani kati ya kumwogesha mbwa dawa ya kupe na paka kuumwa? Wangu alitetemeka siku mbili, akafa.

Pole sana mdogo wangu. Uhusiano ni mkubwa. Dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa zina permethrini, na za kuogeshea ng'ombe ambazo wengi huwapaka mbwa zina saipamethrini. Mwili wa paka hauwezi kuivunja sumu hiyo. Akimlamba mbwa aliyelowa dawa, au akilala pale alipolala, anaanza kutokwa mate, kutetemeka, kisha degedege. Ukimwogesha mbwa, mtenge na paka siku 3, wala usimpake paka dawa ya mbwa hata tone. Ikitokea amepakaa, muoshe kwa sabuni laini na maji vuguvugu, umkimbize kwa daktari.

Mama wa Ruangwa: Mwanangu aling'atwa mkono alipokuwa akiwaamua.

Osha jeraha sasa hivi kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa ya ukutani, kisha mpeleke hospitali leo hii ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usipake mafuta ya taa wala majani. Usimuue mbwa, mfungeni, aangaliwe siku 10. Na waambie watoto: wanyama wakishikana, mwaga ndoo ya maji, usitie mkono.

Dada wa Mtanda, Lindi: Kaka, nimerudi. Wiki ya tano hii. Leo paka amekula juu ya ngazi ya tatu, mbwa amelala chini amefungwa, hata kichwa hakuinua. Nimfungue?

Hongera dada! Bado, usimfungue. Mpaka ale sakafuni wiki nzima.