Kabla mkaguzi hajabisha hodi

Ndugu mnaoishi nyumba za umma Marekani, mkipata notisi ya ukaguzi msikimbilie kupiga deki tu. Mkaguzi haji kuangalia kama vyombo vimeoshwa. Anaanza na vitu vinavyoweza kuua, na hapo ndipo wengi wetu tunanaswa.

Cha kwanza ni kengele ya moshi. Najua inavyokera ukikaanga samaki, lakini kuifunika na mfuko wa plastiki au kuichomoa ni kosa kubwa. Ibonyeze usikie kama inalia. Halafu angalia dirisha la chumba cha kulala: kabati au kitanda cha ghorofa kikiliziba, kisogeze, maana hiyo ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka.

Bomba linalovuja, ukungu bafuni, soketi iliyovunjika: hayo ni ya mwenye nyumba kurekebisha, mradi si wewe uliyeharibu. Chini ya NSPIRE, yaani viwango vya ukaguzi vya wizara ya nyumba ya Marekani (HUD), vilivyoanza kwenye nyumba za umma Julai 2023, kasoro ya kuhatarisha maisha inatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa 24, ya wastani siku 30. Kwa hiyo ripoti kwa maandishi, piga picha, tunza tarehe. Maneno ya kwenye korido hayana ushahidi.

Na kwa ukaguzi wa kawaida wa ofisi ya nyumba, notisi ya maandishi huletwa siku mbili kabla. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani mapema. Usimtegemee mtoto wa darasa la nne.